Kamba Iliyotoka Nje ya Geti

Mumbua mwanangu,

Baba yako amekwisha kukueleza habari za blanketi, za kuchemsha maji na za kutoacha simu dirishani, kwa hivyo huko mimi sitaingia. Sasa hivi uko kwa jirani unasukwa nywele. Najua ukirudi nyumba itajaa shangazi zako na sufuria zao, na sitapata nafasi ya kukuambia neno likaisha. Ndiyo maana nimeketi mezani mapema, jua likiwa bado juu ya mlima.

Jana ulipopigiwa simu kutoka shule ya Kabati unakokwenda kufundisha, uliifunika simu kwa kiganja ukaninong'oneza, "Mwaitu, wamenipa Gredi ya Saba. Wanasema nianze na watu wa kwanza, vile walitoka Afrika wakaenea duniani. Nitaanzia wapi?" Nikacheka, ukanuna. Sikuwa nakucheka wewe. Mada hiyo ilikaribia kuniondoa kazini, na ni hiyo hiyo iliyonifanya mwalimu. Wakati huo ulikuwa chuoni, ukipata vipande vipande tu kwenye simu. Leo nikupe yote.

Unajua nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa a, e, i, o, u na kufunga kamba za viatu. Kisha sekondari msingi ikaletwa ndani ya ua wetu hapa nje ya Mbumbuni, na walimu walikuwa wachache. Mwalimu mkuu, Mwalimu Mutiso, akaniita ofisini akanipa kitabu cha Mafunzo ya Jamii. "Madam, wewe ulisoma historia. Wachukue hawa wa Gredi ya Saba, tutaandika barua ofisini wakuidhinishe." Nilikichukua kile kitabu kama mtu aliyepewa mtoto wa watu ashike kidogo. Niliogopa kukiangusha.

Somo la kwanza nililifundisha kwa mgongo. Nasema kwa mgongo kwa sababu ndio waliouona zaidi. Niliandika ubaoni kwamba binadamu wa kwanza waliishi Afrika, kwamba baadhi yao walihama wakaenda Asia, Ulaya, Australia, na mwishowe Marekani. Wakanakili. Kengele ikalia. Nikajifuta chaki nikiamini nimefundisha.

Wiki iliyofuata nikawapa jaribio. Swali moja lilisema: taja sababu iliyowafanya watu wa kale wahame. Msichana mmoja aitwaye Ndinda, mjukuu wa Mzee Nzioka yule wa kanisa letu, aliandika hivi: "Walihama kwa sababu mvua ilikataa na wanyama wakaisha." Nikamwekea kosa, kubwa na jekundu. Kitabu kilisema jibu ni mabadiliko ya hali ya anga.

Ndinda akaja mezani kwangu na karatasi yake. "Madam, mabadiliko ya hali ya anga ni nini?"

"Ni pale mvua inapokosa kuja kama zamani," nikamwambia. "Nyasi zinakauka, wanyama wanatafuta kwingine, na watu nao..."

Hapo nikajisikia.

"Si ndiyo nimeandika?" akauliza Ndinda. Hakuwa na utundu. Alitaka kujua kwa kweli.

Nilichukua karatasi yake nikampa alama, na bado nilisikia aibu. Mtoto aliyeona ng'ombe wa kwao wakianguka mmoja mmoja wakati wa kiangazi alikuwa ameelewa jambo hili kuliko mimi niliyelisoma. Nilitaka ajibu kwa maneno ya mtu mwingine. Tangu siku hiyo, Mumbua, kabla sijamwekea mtoto kosa huwa nauliza kwanza: huyu amesema nini kwa lugha ya kwao? Mara nyingi nakuta amesema lile lile.

Lakini sikubadilika mara moja. Kosa la pili lilikuja siku chache baadaye, na hili lilikuwa zito zaidi.

Kulikuwa na msichana anaitwa Rukia. Baba yake ndiye aliyefungua lile duka la leso na viungo pale sokoni. Walikuja kutoka Mwingi, na kabla ya Mwingi, wazee wao walitoka pwani. Rukia hakuwa mnyamavu. Alikuwa na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya bonde. Asubuhi moja kwenye mfereji wa maji, mvulana mmoja aitwaye Mutua alimsukuma akamwambia, "Nyinyi si watu wa hapa. Rudini kwenu." Mimi sikuyajua hayo. Nilikuwa darasani nachora mishale kwenye ramani ya dunia, kutoka Afrika kwenda huku na kule, Rukia akainua mkono.

"Madam, kwetu ni wapi?"

Darasa likacheka. Nikamwambia, "Kaa chini, Rukia. Hiyo si mada ya leo."

Akakaa. Nikaendelea na mishale yangu.

Jioni nilikuwa nachagua maharagwe na baba yako. Nikamsimulia, kama kichekesho. Hakucheka. Aliendelea kutoa mawe kwenye uteo, kisha akasema, "Na ungemjibu nini?"

Kwani mimi kwetu ni wapi? Nilizaliwa Kilungu, nikaolewa hapa. Susu yako, mama yangu, huniambia watu wake walishuka Kilungu kutoka Mbooni. Wa Mbooni nao husema walipitia Nzaui, na kabla ya hapo walitoka kule upande wa Kilimanjaro. Na hao wa Kilimanjaro walitoka wapi? Niliyaacha maharagwe. Yule mtoto aliuliza swali lenyewe, lile ambalo kitabu kizima kiliandikwa kulijibu, nami nilimwambia akae chini.

Kesho yake niliingia darasani bila chaki. "Rukia jana aliuliza swali," nikasema. "Nilimwambia akae chini, na nilikosea. Leo tutalijibu sisi sote." Nikawapa kazi ya nyumbani. Kila mmoja aende aulize: jina lako lilitoka wapi? Nyanya yako alizaliwa wapi? Kama alihama, ni kwa nini?

Laiti ungeyasikia waliyorudi nayo! Kyalo alisimama akasema jina lake ni safari, kwa maana mama yake alimzaa akiwa njiani, karibu na huko huko Kabati unakokwenda. Muthama akasema lake linatokana na kuthama, kuhama, kwani alizaliwa wiki ile waliyobomoa nyumba Kitui wakavuka Athi kuja upande huu. Mwingine babu yake alifuata kazi ya reli. Mwingine nyanya yake alikimbia mume mkali akiwa na mtungi kichwani, akasema ataenda hadi mtungi uvunjike, nao ukavunjikia Mbumbuni. Rukia akasimama na ile sauti yake: "Mimi nina jina la nyanya yangu. Alitoka pwani na babu akiuza vitambaa. Mwingi walipenda maji ya kisima kimoja, wakakaa."

Akabaki Mutua. Jina lake kwetu ni mtu aliyekaa, asiyeondoka, na alikuwa akijivunia hilo muhula mzima. Siku hiyo alisimama akitazama vidole vya miguu.

"Madam, hata sisi tulikuja. Babu ya babu yangu alifukuzwa huko Nzaui kwa sababu ya mzinga wa nyuki."

"Aliuiba?" mtu akauliza.

"Alisema ni wake."

Darasa zima likaangua kicheko, na Mutua mwenyewe akashindwa kujizuia. Akamgeukia Rukia. "Sasa mimi nirudi wapi?"

"Piga foleni nyuma yangu," akasema Rukia.

Hapo ndipo nilipojua nimewapata. Nilitembea kwenda nyumbani nikiimba.

Sasa kukawa na shida nyingine, na wewe pia utaikuta. Mtoto anaelewa haraka kwa nini watu walihama. Kinachomshinda ni muda. Ndinda aliniuliza kama Susu wa Susu yake aliwahi kuwaona hao watu wa kwanza. Nikamwambia ni maelfu na maelfu ya miaka. Akaitikia "ndiyo Madam" kwa yale macho ya mtu anayetaka uondoke. Maelfu ni neno tu. Halishikiki.

Siku ya soko nilimpitia mama mmoja anayesokota mkonge wa viondo, ule uzi ukitoka kwenye paja lake na kuanguka chini, mrefu, hauishi. Nikasimama pale hadi akaniuliza kama nataka kununua. Jumatatu nikawaambia watoto walete kamba. Wakaleta kamba za mbuzi, kamba za kuteka maji, mikonge waliyosokota wenyewe, hata ile ya kuanikia nguo, na mama mmoja alikuja kuifuata. Tukaziunga zote. Tukakubaliana shubiri moja ni mama mmoja: toka kuzaliwa kwake hadi yeye azae. Tukafunga ncha kwenye mlingoti wa bendera. Ncha hiyo ndiyo wewe, nikawaambia. Shubiri ya pili ni mama yako. Ya tatu ni nyanya yako. Semeni majina.

Wakasema majina. Mama, nyanya, mama ya nyanya. Baada ya hapo sauti zikapungua, na kabla ya kamba kutoka kwenye kivuli cha mlingoti, majina yote yalikuwa yamekwisha. Darasa lote halikuwa na jina hata moja la kuongeza, na kamba ilikuwa imelala mbele yetu ikipita tangi la maji, ikipita jikoni, ikienda getini. Hapo karibu na mlingoti, ambapo mtu angeweza kuruka kwa hatua moja, wazee wetu walifika Mbooni. Kidogo tu mbele yake, walikuwa bado Kilimanjaro.

"Na wale waliotoka Afrika, Madam?" akauliza Muthama.

Mwalimu wa hesabu alikuwa amenisaidia kupiga hesabu. "Hao wako nje ya geti," nikasema. "Mbali, kule kwenye njia ya soko. Kamba yetu haiwafikii."

"Na wa kwanza kabisa?"

"Pita soko. Teremka mpaka mtoni, na bado hujafika."

Hakuna aliyesema kitu. Nimefundisha miaka mingi, Mumbua, na nimejua aina nyingi za kimya cha watoto: cha woga, cha njaa, cha usingizi. Kile kilikuwa cha mtu aliyefunguliwa mlango akakuta nyumba ni kubwa kuliko alivyodhani.

Jioni Ndinda aliyapeleka maneno hayo nyumbani. Aliyapeleka kwa furaha, na kwa furaha hiyo akayachanganya kidogo. Mzee Nzioka akasikia kwamba Madam amesema tulianzia mtoni na kwamba tulikuwa wanyama. Jumapili kanisani aliombea walimu wanaopotosha watoto, na akaomba akiwa amefumbua macho, yakiwa yamenielekea. Jumatatu wazazi kadhaa walikuwa ofisini.

Mwalimu Mutiso aliniita walipoondoka. Si mtu mbaya, ila siku hiyo alikuwa amechoka. "Madam, ruka hiyo mada. Waambie wanakili ukurasa, tuendelee. Hawa watu wanataka kuhamisha watoto. Na wewe bado hujaidhinishwa huku juu. Wakiandika barua nitasema nini?"

Nikasema sawa. Nataka ujue hilo. Nilisema sawa, nikashukuru, nikatoka. Nilikuwa na karo yako chuoni akilini, na sikuwa na ushujaa wowote.

Nikapita darasani kuchukua mkoba. Ile kamba tulikuwa tumeizungusha kwenye kona. Ndinda na Rukia walikuwa wamekalia mviringo wake kama kiti, na Rukia alikuwa akimwambia mwenzake, "Usikanyage hapo, hapo ndipo nyanya yangu yuko." Hawakuniona. Nikarudi ofisini, na nilitembea haraka nisije nikapata akili.

"Mwalimu, waite hao wazazi. Waje wakae, nifundishe mbele yao. Wakisikia na bado hawataki, nitaruka, na nitarudi kwa watoto wadogo bila kelele."

Akanitazama sana. "Madam, ukianguka utaanguka mbele ya watu."

"Nikiruka nitaanguka peke yangu," nikasema. "Afadhali hiyo ya watu."

Walikuja Ijumaa. Wengi kuliko tulivyoita, maana habari ya ugomvi hupita haraka kuliko ya mkutano. Waliketi kwenye viti vya darasani vilivyotolewa nje, Mzee Nzioka mbele kabisa, Biblia magotini. Watoto walikuwa wameongeza kamba kiasi kwamba sasa ilitoka nje ya geti na kushika njia. Niliweka mikono mifukoni.

Sikufundisha mimi. Nilimwachia Rukia. Alisimama kwenye mlingoti akaeleza shubiri ni nini, kwa ile sauti yake, hata waliokuwa kwenye geti walisikia bila shida. Wenzake walikuwa wamejipanga kando ya kamba, na kila mmoja alisema kwa nini watu walihama. Mvua ilikosa. Wanyama walienda, tukawafuata. Tulikuwa wengi, chakula kikawa kidogo. Tuligombana. Mutua alisema, "Na wengine waliona mlima wakataka tu kujua nyuma yake kuna nini," na hilo halikuwa kitabuni. Wazazi wakaanza kuinama kuitazama kamba. Mama mmoja alipima shubiri yake mwenyewe juu yake, akiongea peke yake.

Ndipo Mzee Nzioka akainuka. "Mimi nina swali moja. Hiyo nyani iko wapi kwa hii kamba?"

Mwalimu Mutiso alinitazama kwa macho ya kuniomba niseme jambo laini. Lakini Ndinda alikuwa ameshatoka kwenye mstari.

"Umau," akamwambia babu yake, "kwa hii kamba hakuna nyani. Nimeihesabu na wenzangu. Wote ni watu. Ni Susu, na Susu, na Susu, mpaka huko barabarani. Walikuwa wanapika, wanabeba watoto."

"Na huko mbele ya barabara?" Alinigeukia mimi. "Madam. Huko mbele kuna nini?"

Ningeweza kumpa jibu tamu. Nilimwambia, "Mzee, huko mbele zaidi, mbali kupita soko na mto, wanaochunguza mifupa wanasema kulikuwa na viumbe ambao bado hawakuwa watu kama sisi, na kwamba sisi tumetokana nao. Kitabu kinasema hivyo na mimi nafundisha hivyo. Nawe una lile unaloamini, na Jumapili mimi nawe tunakaa benchi moja. Sikuja kumwondoa Mungu kwa hii kamba. Lakini sitamficha mtoto kilichopatikana ardhini."

Mzee aliweka Biblia kwenye kiti, taratibu, akaja kwenye mlingoti, akaanza kutembea kando ya ile kamba. Peke yake. Akapita tangi, akapita jikoni, akatoka geti. Tulimngoja. Hakuna aliyeketi. Aliporudi alikuwa na vumbi kwenye viatu, na hakurudi kwenye kiti chake. Alikuja akasimama karibu na mlingoti, akainama, akaweka kidole kwenye shubiri mojawapo.

"Hapa ni mama yangu," akasema. "Hawa watoto wananiuliza kwa nini naitwa Nzioka, aliyerudi. Sijawahi kuwaambia. Kulikuwa na njaa. Mama yangu alivuka Athi kwenda Kitui na dada zangu, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Yule wa mkononi alibaki huko, kaburini. Mvua ilipokuja alirudi, akanizaa mimi." Aliinua kidole kutoka kwenye kamba. "Nilidhani hayo ni mambo ya aibu. Kumbe yako kitabuni."

Ndinda alimshika mkono. Na wewe ungewaona wale wazee wengine! Mmoja akainuka, akasema wake. Kisha mama. Kisha baba yake Rukia, ambaye hakuwa amewahi kusimama kwenye mkutano wa shule hii, akaeleza habari ya kisima cha Mwingi, na watu wakamuuliza maswali kama jirani. Chakula cha mchana kilipoa jikoni. Mwalimu Mutiso aliacha kuangalia saa.

Mwisho Mzee Nzioka alichukua Biblia yake. "La nyani bado sikubali," akaniambia mbele ya wote. "Na sitakubali. Lakini mtoto asome. Na Madam asiguswe."

Sikuguswa. Barua ya kuniidhinisha ilikuja, na baba yako alichinja jogoo yule mweupe aliyekuwa akikukimbiza ulipokuwa nyumbani.

Kwa hivyo unaponiuliza utaanzia wapi, siwezi kukuambia anza na kamba. Kamba ilikuwa yetu. Kabati utakuta kitu chao. Sikiliza swali ambalo litakukera siku unayotaka kumaliza ukurasa. Mara nyingi ndilo. Mtoto akikuambia wazee wake walisema watu wa kwanza waliteremshwa juu ya mwamba wa Nzaui na nyayo zao ziko pale kwenye jiwe, usimcheke, wala usijifanye ni sawa na mifupa. Mwambie hata wazee wake waliuliza swali lile lile, na kwamba watu wasiouliza hawasimulii. Na wakikuuliza wewe ni wa wapi, maana watakuuliza kabla hujafungua begi, waambie ukweli: umezaliwa Makueni, jina lako ni la mvua, nyanya yako ni wa Kilungu, na umevuka Athi kama wengi kabla yako. Hutakuwa mgeni muda mrefu.

Utakosea. Utasema sawa mahali ambapo ulipaswa kusema hapana. Ukishasema, mlango bado uko wazi, rudi tu. Mimi nilirudi nikiwa na mkoba begani, na mlango ulikuwa wazi.

Nimalize na siku ya kamba ya mwaka huu, maana sasa tunaitandaza kila mwaka, na wewe ulikuwepo lakini ulikuwa upande ule, na sijakuambia yaliyotokea upande wangu. Kwa mara ya kwanza shule za jirani zilikuja na kamba zao, na hesabu ikatimia. Kamba ilitoka geti, ikashika njia, ikaingia Mbumbuni yenyewe. Watoto hawakutosha kuishika yote. Wauza nyanya waliacha mizani wakashika. Vijana wa bodaboda walizima pikipiki wakashika. Mzee Nzioka alikuwa pale kwenye shubiri ya mama yake, ambapo husimama kila mwaka. Rukia, ambaye sasa yuko shule ya juu, aliomba ruhusa akaja. Nawe ulienda ncha ya mwisho kabisa, mahali ambapo watu walitoka Afrika, mbali hata sikuweza kuuona ule mtandio wako mwekundu.

Tulikuwa tumekubaliana kwamba wewe utasema neno moja, na kila mtu atalipitisha kwa jirani yake, mdomo kwa mdomo, mpaka linifikie mimi kwenye bendera. Nilingoja. Nililiona likija kabla sijalisikia, vichwa vikigeuka kimoja kimoja, wengine wakilisema kwa Kikamba, wengine kwa Kiswahili, vijana wa bodaboda kwa Sheng yao, likiingia geti, likipita jikoni, likipita tangi.

Jioni uliniambia kwamba wewe ulipaza sauti ukasema, "Tumeondoka!"

Mtoto wa mwisho, kamtoto kadogo kenye pengo, alinivuta sketi akaniambia nililopokea mimi: "Madam, wanasema tumefika."

Mama yako,
Mwaitu